Wanaume Watatu wa Malkia Fimia

Mdogo wangu mpenzi Zoi,

Salamu nyingi za upendo zikufikie huko kwenye nyumba yenu ya watawa. Natumaini kifua kimepoa, na wenzako wanakupa blanketi la kutosha. Mimi miguu imejaa maji hadi magotini, na kwa kuwa nimetibu wengi najua maana yake. Eleni anayenipikia hataki kusikia habari hizo. Ananisukumia bakuli la dengu na kusema, "Kula, babu, mapadri wana kazi nyingi wiki hii, hawana nafasi ya kukuzika."

Zoi, kuna jambo la Malkia Fimia ambalo nimekuficha tangu ulipokuwa mfuaji wa nguo zake. Umebeba kosa lisilo lako, nami nimekutazama ukilibeba.

Unakumbuka mfalme alivyoanguka farasini akiwinda kondoo wa mwitu, malkia akabaki mjane kabla hajafika hata miaka ishirini. Baraza Kuu halikumpa nafasi ya kulia. Lilimtaka, kama kila mjane mwenye ardhi kisiwani, achague mume kati ya wanaume watatu litakaowaleta. Kukataa hakuna, mpaka mwanamke afikishe miaka sitini. Kitu kimoja tu kingemwokoa: mimba ya marehemu. Hapo wangelazimika kusubiri ajifungue, na mtoto angerithi ufalme.

Wewe mwenyewe ulinisimulia alivyowacheka wale watatu. Mmoja hana meno, wa pili amezika wake wawili, wa tatu ni mpwa wa Bwana Anso, msimamizi wa ufalme, ndevu hazijamwota. Malkia akasema, "Wameniletea kaburi, mchimba kaburi, na mtoto wa kumshikia jembe." Mkacheka mpaka machozi.

Kisha pale kwenye birika la kufulia wanawake wakakuuliza habari za bibi yako malkia. Ukawaambia anakula ndimu kama mbuzi, na vitambaa vya mwezi hajakupa uvifue yapata miezi mitano, tangu kabla ya msiba. Wakakutania, "Wee Zoi, hajakupa, au umeshikwa na uvivu?" Maneno yakamfikia Bwana Anso. Baraza likanituma mimi, tabibu wa jumba, nimpime malkia kisha nije kuapa.

Niliapa mbele yao wote, mkono juu ya Injili, kwamba hana kitu. Wewe ukaitwa mzushi. Bwana Anso akadai malkia na mfuaji wake wametunga mimba ili kukwepa desturi. Wiki hiyohiyo malkia akaozwa kwa yule mpwa. Nilimsikia akisema, "Nipeni huyo basi, walau hanuki." Safari hii hakuna aliyecheka.

Akapelekwa ngome ya Kantara. Majira ya baridi tukaambiwa amekufa kwa homa. Hakuitwa tabibu yeyote, na habari ilipofika kwetu jumbani Nikosia alikuwa amekwisha kuzikwa. Ukakata nywele, ukasema ulimi wako ndio uliomuua, ukaomba nikupeleke kwa watawa. Nilikupandisha punda, nikashika kamba njia nzima, nikanyamaza.

Asubuhi ya kile kiapo Bwana Anso aliniita. Hakunitisha. Aliniuliza tu kama namkumbuka tabibu aliyenitangulia, jinsi alivyotumbukia kisimani. Nilimkumbuka. Elimu yangu yote ya chuo cha utabibu cha Salerno haikunisaidia kumkatalia. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kuapa.

Nimewaza kwenda kwa askofu. Ili iwe nini? Bwana Anso amekufa, mpwa wake amekufa, waliosikia kiapo wamekufa. Huko Kantara alizikwa nani pamoja na malkia, au ni nani aliyechukuliwa akiwa hai, sijui, na hakuna tena wa kumuuliza. Umebaki wewe tu, na wewe nakuletea maumivu mengine.

Nisalimie watawa wote, hasa mama wa jikoni aliyenipa jibini siku ile nilipokuacha mlangoni. Usifunge safari kuja. Njia ni mbovu, na huenda usinikute. Ukiweza, niombee. Usipoweza, sitakulaumu.

Ulisema kweli, Zoi. Nilipoweka kiganja juu ya tumbo la malkia, mtoto alicheza, naye malkia akatabasamu, kwa kuwa aliona nimemhisi.

Kaka yako,
Nikiforo