Ndani ya Taulo

Baba Mtoto,

Simu nimeiacha kwenye chaji, usihangaike kunipigia. Maziwa ya mtoto yako kwenye friji, yapashe kwenye maji ya moto. Akichangamka, mlaze kifudifudi mkekani, weka kile kichezeo kinacholia mbele yake kidogo. Usimpe! Mwache akifuate mwenyewe. Lala chini na wewe umwongeleshe. Kuwasha televisheni siyo kumwongelesha.

Asubuhi tulicheza kujificha. Najifunika taulo, najifunua, anacheka mpaka kwikwi ikamshika. Mara ya mwisho nikajifunika, nikashindwa kutoka. Humo ndani hamkuwa na mtu wa kunihitaji, mara ya kwanza tangu nijifungue. Akanyamaza, akaanza kulia, na mimi nimo tu. Ndipo ukapiga kelele kutoka kitandani: “We, mwanao analia!”

Haya, leo ni mwanao.

~~Sijui narudi saa ngapi.~~ Narudi saa nane. Naenda kutembea tu, mikono mitupu.

Nepi safi bado ziko kwenye kamba.

Na mkicheza kujificha, usikawie kujifunua. Anadhani umeondoka kweli.

Mkeo