Barua Iliyotangulia Kulia

Idris, nipo duka la simu hapa Kobe, Japani, na Yunus Morimoto. Nafasi yake ya hija imepotea. Imepotea mbele ya macho yetu, wallahi!

Unajua wakala alivyomwambia: barua pepe itakuja leo, na asipoijibu ndani ya saa moja, nafasi atapewa mwingine. Simu yake kuukuu huchelewesha barua, ndipo nikamshauri anunue mpya. Shauri langu, Idris!

Binti wa dukani akaweka simu mbili mezani, akaingiza anwani ya Yunus katika zote mbili, akawa anamtumia barua za majaribio tuone ipi italia kwanza. Mlio wa sita, ya kushoto ikamwacha mwenzake mbali. "Huyu ndiye farasi!" akasema Yunus. Tukapiga makofi. Tukapiga makofi, Idris, wala hapana aliyeisoma!

Tukaendelea kulinganisha betri na vioo, hata Yunus alipofungua ili afute yale majaribio. Ya sita ilikuwa ya wakala. Saa moja na dakika kumi zimekwisha pita. Nimempigia wakala, naye akanijibu: "Samahani sana, mzee wangu, nafasi imeshachukuliwa."

La haula wala quwwata illa billah.

Binti ameinama hata paji la uso linakaribia meza. "Lakini ilifika papo hapo, bwana," anasema, na machozi yanamlengalenga.

"Ilifika, mwanangu. Usilie," Yunus akamjibu kwa upole.

Kisha akanigeukia mimi. Idris, nimwambie nini?