Sijui na Bado, Walinzi wa Akiru

Kakuma, Jumapili mchana

Dada Mwanaisha,

Shikamoo dada. Uliponiambia kwamba goti la mama limepoa na anajiendea mwenyewe hadi kisimani, nilishusha pumzi. Na kifua chako je? Umeacha kupikia kuni mbichi? Sisi huku wazima, ila upepo unatutilia mchanga hadi kwenye chai, na mimi mwenzio situlii. Nashona, nasimama. Nakaa, nachungulia mlangoni. Hata barua hii naiandika vipande vipande. Kwenye simu sikukwambia yote kwa kuwa mama alikuwa karibu, na sikutaka alale na mawazo.

Ni habari ya mwanangu Akiru. Kile kifafa chake kilitulia kabisa tulipokuwa Lodwar, hata nikaanza kusahau. Tangu baba yake, Ekai, apate kazi ya lori tukahamia hapa, kimerudi. Anacheza vizuri na wenzake, mara macho yanamgeuka, yuko chini.

Mwenzake mkubwa ni paka. Usicheke. Jirani yetu Mama Furaha, Mkongo wa Uvira anayeuza mandazi, alituletea paka jike wa kijivu na mwanawe dume. Akiru akamuuliza, "Huyu anaitwa nani?" Mama Furaha akajibu, "Miye sijui, mutoto yangu. Alikuja tu ku mulango." Basi Akiru akamkimbilia, "Sijui! Njoo, Sijui!" Likawa ndilo jina. Ekai naye akapiga simu kuuliza kama yule dume amepata jina. Akiru akamwambia, "Bado." Naye akabaki Bado. Dada, fundi wa nguo kufuga paka anayeitwa Bado ni balaa. Juzi mteja kasimama mlangoni kuulizia sare ya mwanawe, mimi namwona paka anapanda juu ya kitambaa, nikapiga ukelele, "Bado! Bado!" Yule mama akaondoka amenuna, na sare yake nimeshaipiga pasi.

Bado ni mlafi tu, lakini Sijui hambanduki Akiru. Mtoto akilala, yeye yuko miguuni pake. Mgeni akisogea, anaunguruma kama mbwa. Ndipo mavyaa wangu alipokuja kutoka Lokori kumwona mjukuu. Alimkuta Akiru kalala mkekani, akainama amshike shavu. Sijui akamrukia, akamparura mkono hadi damu.

"Hii si paka, hii ni askari!" mavyaa akasema, anajifuta kwa shuka. "Mimi nachunga ngamia tangu mdogo, hakuna mnyama alinifukuza kwa mtoto yangu. Achague: mimi ama hii kitu."

Nilimpigia Ekai. Lori lao lilikuwa limekwama Kainuk kwenye kizuizi, wanangoja msafara wa polisi, na mimi nilikuwa na hofu zangu za ile barabara yenye majambazi. Hakunipa hata nafasi ya kuuliza kama wako salama. "Mwanatumu," akasema, "paka ni paka, mama ni mama. Watoe." Nikakubaliana na Mama Furaha aje awachukue wote wawili kesho yake alasiri.

Kesho yake niko kwenye cherehani, mavyaa kakaa kivulini nje, Akiru anacheza nyuma ya nyumba. Sijui akaingia analia sauti ambayo sijapata kuisikia. Si ya njaa, si ya kutafuta dume. Akarukia meza ya cherehani. Nikamsukuma. Akarudi, akanikita makucha pajani, akakimbilia mlangoni, akageuka kunitazama. Nikamfokea, maana nilikuwa na mshono mbovu mkononi.

Mavyaa ndiye aliyesimama. "Wacha hiyo nguo," akaniambia. "Mnyama akilia hivi anaita mtu. Mtoto wapi?"

Alishaanza kukimbia kabla sijajibu, mama mtu mzima yule, shanga zinagongana shingoni. Tulimkuta Akiru kando ya pipa la maji. Ameanguka kifudifudi, uso uko kwenye dimbwi la matope chini ya bomba, mwili unampigapiga. Dada, kina cha dimbwi lenyewe hakifiki hata kiganja. Sijui alikuwa ameshafika, amemsimamia mgongoni, manyoya wima. Alimwona mavyaa akamkoromea. Mavyaa hakusimama. Alimwinua mtoto, akamlaza ubavu, akamtoa tope mdomoni kwa kidole. Paka akanyamaza, akarudi nyuma, akakaa. Mimi nilikuwa nimesimama kama mti, mita ya kupimia nguo bado iko shingoni.

Akiru alikohoa. Nikalia.

Tulipanda bodaboda hadi hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akasema mapafu ni salama. Halafu akampima uzito, akatikisa kichwa: mtoto amekua, dozi ya dawa yake ni ile ile ya zamani. Ameiongeza, na ametuandikia twende kliniki ya Lodwar.

Tuliporudi, Mama Furaha alikuwa mlangoni na kikapu.

"Ejok, mama," akamsalimia mavyaa.

"Ejok. Hiyo kikapu ni ya nini?"

"Ya kubeba bapaka."

"Rudi nayo," mavyaa akasema, mkono wake bado una alama za kucha. "Hapa hakuna paka ya kubeba."

Ekai amefika salama, alhamdulillahi, na mama yake amemsimulia mwenyewe. Lori limempeleka tena Lokichoggio. Mimi ndiyo kama nilivyokwambia, situlii. Jana Sijui alilia tena, tukatoka mbio mimi na mavyaa, yeye na mwiko, mimi na mkasi. Kumbe Bado amemnyang'anya kichwa cha samaki. Mavyaa alicheka hadi akakaa mchangani. Nami nilicheka, lakini moyo ulichukua muda mrefu kurudi mahali pake.

Umesema nimlete Akiru Msambweni akae nawe, mpate kumlea karibu na hospitali kubwa na mimi nipumzike. Nimelifikiria sana, dada, na najua unalisema kwa mapenzi. Siwezi. Hapa ana watu wanaoujua ugonjwa wake hata kabla haujafika, na mmojawapo hapandi basi. Njoo wewe. Mavyaa ameshaniuliza unakunywa maziwa ya ngamia au huyawezi.

Nisalimie mama, umbusu mikono yake, na uchague mwenyewe utakayomwambia na utakayoyaacha. Msalimie shangazi Bi Fatuma msusi wa mikeka, na mjomba Hamisi mwadhini, aniombee mtoto. Shemeji naye asinisahau kwa dua.

Naishia hapa, maana nyuma ya nyumba kumekuwa kimya, na mimi kimya sikipendi.

Mdogo wako,
Mwanatumu