Programu Uliyoifunga, Kaka Masanja

Kaka Masanja,

Safari hii sikuamkii. Shikamoo yako nimeizuia mpaka hasira zitulie, na bado hazijatulia.

Nakumbuka ulivyonifundisha kompyuta katika kile chumba cha hapa kwetu Nyasubi, nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Hasham. Kompyuta zilikuwa kuukuu, zimeletwa na shirika dogo la Mama Shija. Yeye mwenyewe hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kazi yake ilikuwa kututafutia umeme, diski, na simu ya kupokelea masahihisho ya wenzetu wa Mwanza na Arusha, na kuhakikisha hakuna anayejimilikisha tulichoandika pamoja. "Mimi nafagia uwanja," alikuwa akisema. "Kucheza mcheze ninyi. Lakini uwanja hauuzwi."

Tukaandika programu ya zahanati. Wewe ulijenga mwili wake, mimi nikaandika maneno ya Kiswahili yanayotokea kwenye kioo. Unakumbuka tulivyobishana? Ulitaka "Ingiza jina la mgonjwa." Nikasema nesi ni mtu, aulizwe kama mtu: "Leo umemwona nani?" Ulicheka, ukaliacha swali langu. Zahanati iliyoitaka ilipewa bure, pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ili anayejua airekebishe.

Kisha ukaenda Dar es Salaam, nasi tukakusindikiza kwa fahari.

Mwaka huu nesi wa zahanati moja njia ya machimbo ya Mwakitolyo alimtuma dereva wa lori atuambie kompyuta imegoma. Nilipofika, kioo kilikuwa na jina la kampuni nisiyoijua, iliyokuja kuwawekea eti toleo jipya, na tangazo kwamba muda wa leseni umekwisha. Chini yake, swali langu: "Leo umemwona nani?" Majina yetu yote yamefutwa, limebaki lako. Nikataka kuifungua niitengeneze, nikakuta uliiuzia kampuni hiyo, nayo imewapa zahanati bila maandishi ya ndani. Umetufungia nje ya nyumba tuliyoijenga wote.

Nesi alinieleza tukiwa tumekaa kwenye benchi la wagonjwa. Mchimbaji mmoja alimleta binti yake ana homa. Kuna dawa iliyowahi kumdhuru mtoto yule, na habari hiyo ilikuwa humo humo kwenye kompyuta iliyogoma. Kadi yake ilikuwa imepotea katika kuhamahama kwao, na baba hakulijua jina la dawa. Nesi akampa ileile. Mtoto akavimba koo, wakamkimbiza Shinyanga juu ya gari la mchanga.

"Amepona," nesi akaniambia. "Lakini mama yake hanisalimii tena."

Anabeba lawama yako, kaka, wala hakujui.

Nilikupigia simu. Ukasema, "Kabula, mjini watu wanakula kwa akili zao." Akili za nani? Za yule kijana wa Arusha aliyekusahihishia nusu ya kazi bila kukuona uso?

Mama Shija akatuita wote. Akatafuta gari na jenereta, tukapita majumbani kukusanya kadi za wagonjwa, tukaziandika upya katika programu yetu ya wazi. Kisha akapanda basi hadi Dar kuitaka kampuni yako iyaachie wazi maandishi ya ndani iliyoyachukua kwetu. Mpaka leo wanamzungusha.

Kwenye kikao nilitaka upigwe marufuku, usipewe tena chochote tunachoandika. Mama Shija akatikisa kichwa.

"Tulisema ni ya kila mtu, mayu, mama yangu. Hatukusema isipokuwa Masanja."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira, maana alikuwa sahihi.

Toleo jipya limetoka. Nimesahihisha hata lile kosa lako kwenye umri wa watoto wachanga. Ukilitaka, njoo Nyasubi ulichukue kama mtu mwingine yeyote. Siku hizi mimi ndiye ninayetoa diski, na nitakupa. Lakini utanitazama usoni wakati unaipokea.

Ubaki na amani, kama huko unaipata.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Kabula