Busu la Katumba Songwe

Njisi, Kyela
11 Machi 2024

Dada Tulinagwe,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Songea, shemeji na watoto hawajambo. Huku baba na mama ni wazima, mvua imeshika na mpunga unakwenda vizuri. Mimi ndiye si mzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hapa nyumbani kila mtu huishika.

Unamkumbuka Glory, mwalimu kutoka Moshi anayefundisha Katumba Songwe, niliyekuambia Krismasi kwamba nampenda? Mwezi uliopita tulibusiana. Busu tu, dada, hakuna zaidi. Wiki iliyofuata akaniita, akaniambia kwa utulivu kwamba alizaliwa na virusi vya UKIMWI na anameza dawa kila siku. "Nakuambia mapema," alisema, "ili uchague ukiwa unajua." Nikamjibu nawahi kuvunja kakao, nikapanda pikipiki. Sijarudi.

Nimepima mara tatu, zote sina. Siamini. Koo linawasha. Kila asubuhi natazama ulimi kwenye kioo, na magunia ya kakao yakishapimwa ghalani napanda mizani mwenyewe. Nimepungua kilo nne. Nimetenga kikombe changu, na mama ameanza kuuliza. Wewe ni nesi. Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Ambilikile

Songea
19 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, watoto wanakusalimu.

Ukweli ndio huu. Busu haliambukizi virusi hivyo. Wala kikombe, wala kijiko, wala kukumbatiana. Tena mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake hata wakilala kama mume na mke. Sikubembelezi, ndivyo tunavyowafundisha watu hapa kila siku. Kilo zimepungua kwa sababu huli.

La pili litakuuma. Siri ya Glory haikuwa yako kunipa. Barua yako nimeichana. Siku ukionana naye, mwambie ulinieleza, umwombe radhi.

Usipime tena. Kula.

Dada yako,
Tulinagwe

Njisi
6 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Habari za kazi na watoto? Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Siku mbili nilikula vizuri. Ya tatu nikajiuliza: je, kama fizi yangu ilikuwa na kidonda? Nikaenda Kyela mjini, duka la dawa wasikonijua, nikanunua kipimo cha mate. Sina. Jumatatu nikanunua kingine. Hicho ni cha tano, na naona aibu kukuandikia.

Jana Glory alikuwa sokoni akinunua samaki. Nikapita uchochoroni kama mwizi. Aliniona.

Mdogo wako,
Ambilikile

Songea
14 Aprili 2024

Ambilikile mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Huku ni wazima.

Hata kama fizi ilikuwa na kidonda, jibu langu ni lilelile. Lakini naona majibu hayakusaidii. Unaumwa hofu, na hofu hailishwi vipimo. Ukiipa kimoja inadai kingine. Nilisoma uuguzi na Jubilate, ambaye sasa anatoa ushauri nasaha huko Kyela mjini. Anakusubiri Alhamisi. Huendi kupima. Unakwenda kuongea.

Dada yako,
Tulinagwe

Njisi
28 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Nisamehe kimya cha miezi mitatu. Nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Kwa Jubilate nimekwenda kila Alhamisi. Alinifundisha kwamba wazo likija nisilifukuze wala kulitii, niendelee na kazi. Wiki ya kwanza nilikuwa naanika kakao huku nikikimbilia kioo kila saa. Mwezi wa pili nikagundua nimemaliza siku nzima bila kukumbuka kioo. Mama alinikuta nakunywa chai kwenye kikombe chake. Aliniongezea.

Ndipo nikaenda kwa Glory. Alifungua mlango, kiti hakunipa.

"Umekuja kuomba radhi," akauliza, "au unataka nikuhakikishie kwamba hukuugua?"

"Radhi. Hilo la pili nimelimaliza bila wewe."

Nikamwambia pia kwamba nilikutolea siri yake. Akaegemea mlango.

"Nameza dawa tangu nina miaka saba," akasema. "Wewe busu moja limekukimbiza miezi mitatu."

"Limenikimbiza," nikasema.

Akacheka, dada, akaleta kiti. Haikuishia hapo, ilibidi nirudi Jumamosi nyingi kabla hajaniamini. Jumamosi iliyopita yeye ndiye aliyenibusu.

Ndaga fijo, dada. Asante sana.

Mdogo wako,
Ambilikile

Njisi
24 Novemba 2024

Dada Tulinagwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Sisi ni wazima, na safari hii nami nimo.

Tulipoamua kuoana, Glory alikataa niwaeleze wazazi kwa niaba yake. Alikuja mwenyewe, akakaa mbele ya baba, akasema yote. Nilikuwa natazama sakafu.

Baba akauliza, "Na wajukuu?"

"Nikimeza dawa na kufuata kliniki, baba, ni nadra sana mtoto kupata virusi. Wenzangu wanazaa watoto wazima."

"Hilo nesi wetu wa Songea alishatufundisha zamani," baba akasema. "Mimi nauliza kama mnawataka."

Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Ndoa ni Desemba 14. Njoo mapema, mama anasema wewe ndiye utakayetangulia mbele ya kina shangazi siku ya kumpokea bibi harusi.

Leo kanisani limesomwa tangazo la tatu la ndoa yetu. Mchungaji akasema mwenye pingamizi asimame. Nilijisikiliza, dada, nikakuta mimi mwenyewe sina. Hakusimama mtu. Kwaya ikaanza wimbo hata mchungaji hajaketi, na Glory akaimba kwa sauti yake yote, mkono wake ndani ya wangu, kanisa zima likitutazama.

Mdogo wako, bwana harusi,
Ambilikile