Kucha ya Atelier

Jumanne, 4/11/2025
Jean-Claude wa Tchomia, kule ku ziwa, ameleta kazi: arbre mupya ya mutumbwi yake, ile chuma ndefu inazungushaka hélice mu maji, mutumbwi ikaenda. Ya zamani ilikula joint, ile kapira inazuiaka maji, maji ikaingia, bakaitoa na ndoo mpaka ku ngambo. Anataka mupya Jumamosi saa sita, pas de discussion. Jumamosi! Siku ya ndoa yangu!

Patron, Papa Gaspard, akaitika bila kuniuliza. "Élise, weye utaipolisha. Kucha zangu zilikufa mu étau ya kubana chuma." Ni kweli. Ku atelier yetu micromètre inapima unene, lakini ulaini unapimwa na kucha yangu ya kidole ya shahada. Ikikwama hata kidogo, tunarudilia. Anasema Serge, bwana-arusi wangu, aoe vidole tisa, ya kumi ni ya atelier. Muzee huyu!

Alhamisi, 6/11
Tour, mashini inazungushaka chuma, inazunguka; papier ya kukwaruza, quatre cents, huit cents, halafu mille deux cents na mafuta. Niliona sura yangu ndani ya chuma. Pua kubwa, lakini ni yangu.

Jioni Serge alikuja na mama yake, Mama Hortense. Mama akaangalia mikono yangu kama mutu anachagua samaki sokoni. Eti kisha ndoa, bibi wa nyumba yake hataingiza tena mikono mu mafuta ya mashini. Nikamuangalia Serge. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka Fanta ikaisha, halafu akaendelea kunyamaza na chupa tupu! Iliniuma. Niseme wazi: iliniuma sana.

Ijumaa, 7/11
Mama Hortense alinipeleka salon yeye mwenyewe. Kucha za kubandika — ndefu, rose, na kaua kadogo juu ya kila moja. Nzuri, siwezi kukataa. Lakini bouton ya kufunga blouse nilipigana nayo dakika kumi.

Saa nane nikapita ku atelier kumaliza arbre. Nikapitisha kucha: laini! Tena: laini kabisa! Nikaandika É yangu na chaki: imepita. Papa Gaspard akaangalia maua, akakohoa, akafunga arbre mu karatasi. "Merci, madame directrice."

Jumamosi, 8/11
Saa kumi na mbili asubuhi niliamka nimeshakaa. Jana nilipima na plastike! Ile kitu haisikie. Ningeipitisha ku barabara ya Fataki na mashimo yake yote, ningesema barabara iko laini.

Ndoa saa tano. Maji ya moto, nikaloweka kidole, nikavuta na pince. Aïe! Kaua kakaruka chini ya kitanda. Mama Hortense, pardon.

Ku atelier Papa Gaspard akafungua bila kushangaa. Kucha yangu ya kweli ikapita, ikapita... tac. Palepale joint inakaaka. Mukwaruzo mwembamba, kwa macho hauonekane. Jean-Claude angeenda nayo mpaka katikati ya ziwa.

Sasa ni saa tatu na nusu. Nimepolisha upya, kitambaa juu ya nywele za coiffure. Chuma imepata moto; lazima ipoe mbele ya kupima, kama sivyo micromètre itadanganya. Njo maana niko naandika.

Serge iko hapa. Costume, viatu inang'aa, amekaa juu ya bidon ya mafuta — alitandika karatasi kwanza, ni Serge. Amegusa arbre, akaungua kidogo. "Iko laini!" Hajui kitu, masikini.

Telefone yake inalia. Mama Hortense. Sauti inafika mpaka huku: bibi-arusi iko wapi?

Serge ananiangalia. Anaangalia kidole yangu haina ua.

"Mama," anasema, "tunangoja chuma ipoe."

Tuna—! Hakusema "anangoja"! Papa Gaspard amegeukia ukuta, mabega inatikisika. Mara hii Mama Hortense njo amenyamaza. Bado anashika telefone, tunasikia anapumua.

Nimegusa tena. Ingali moto.