Bima Yangu Inanikataza Kumpa Pole Wifi?

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu mapema, maana hapa nilipo sijui kama mimi ni mtu mbaya au ni mtu mwenye bima, na sikujua kama ipo siku hivyo viwili vitafanana. Natengeneza mishumaa ya kuuza, nayeyusha nta jikoni kwangu, natia manukato, namimina kwenye bilauri, na mteja mshumaa ukimwishia anarudisha bilauri namjazia tena kwa bei nafuu. Biashara yenyewe ni ndogo lakini mwaka huu nikakata bima, ile ya kwamba bidhaa yako ikimdhuru mtu kampuni ndiyo inayobeba fidia, na nyumba nzima ilinicheka, mume wangu akasema, "Mishumaa nayo ina bima? Kesho utaikatia bima sufuria," na aliyenitetea alikuwa mmoja tu, wifi yangu, dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye ndiye pia mteja wangu wa kwanza kabisa. Alisema, "Mwacheni, mwenzenu anafikiria mbele."

Sasa Mshauri, huyohuyo ndiye aliyeungua.

Umeme ulikatika akiwa anamalizia gauni la mteja, akawasha mshumaa wangu juu ya meza ya kukatia akaendelea kushona kwa mkono, mara bilauri ikapasuka paa, nta ya moto ikamwagika, kitambaa kikashika, akauzima moto kwa kiganja chake. Gauni limeharibika, meza imeungua, na mkono wa kulia uko kwenye bendeji, hawezi kushika hata sindano, na ile nyumba yake inakula kwa cherehani. Sijui kosa ni la nani. Bilauri zangu za mwanzo ziliniishia nikanunua nyingine, nikizishika naziona nyepesi kidogo lakini muuzaji aliapa ni zilezile, na vilevile huenda wifi aliuacha mshumaa ukaungua mpaka chini kabisa, kitu ambacho huwa nawaambia wateja wasifanye, lakini yeye sikumbuki kama nilimwambia, maana wifi ni mtu wa nyumbani.

Nikampigia kijana wa bima, akasema, "Pole sana, mama. Sasa sikiliza, usikiri kosa na usiahidi kulipa chochote, hayo tuachie sisi." Nikamuuliza, "Hata kumpa pole nisimpe?" Akasema, "Wewe kuwa makini tu na maneno yako," na simu ikakatika. Hapo ndipo nilipopotea. Nikamwambia mume wangu na yeye awe makini, akaenda kumwona dada yake akawa makini kupita kiasi, akakaa, akanywa chai, akazungumzia timu yake iliyofungwa, bendeji hakuitupia hata jicho, akaaga. Anasema dada yake alimtazama akitoka kama anavyomtazama msoma mita. Mimi mwenyewe nikimwona barabarani najitia hamnazo, juzi nimekimbilia duka la vipuri vya pikipiki nikajikuta nauliza bei ya mnyororo, na sina hata baiskeli. Mama mkwe amenipigia simu akaniuliza, "Hivi mwanangu alioa mtu au alioa ofisi?" Nikakata simu, nikiwaza kama nako kujibu ni kukiri.

Na mishumaa ya zile bilauri mpya bado nauza, maana nikisimamisha si itaonekana nimekubali kwamba ni mibovu? Jana nimempelekea mwenye saluni miwili.

Sasa leo wifi amenitumia ujumbe. "Wifi, njoo uchukue bilauri yako." Basi, hakuna salamu wala nini. Ndiyo kusema ananirudishia vyangu, undugu umeisha? Au ni mtego? Nataka kwenda, Mshauri, nimemkumbuka sana, lakini najijua, nikiuona ule mkono nitalia mlangoni na nitasema kila kitu, na bima ikisema nimeharibu mkataba, nani atamlipa yeye mkono wake? Mimi sina cha kumlipa. Nikinyamaza nampoteza wifi, nikisema nampotezea fidia. Nifanye nini?

Mimi,
Mwenye Mdomo Uliofungwa

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Mdomo Uliofungwa, pole. Umeona? Nimesema, na hakuna kampuni iliyoanguka.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali kijana wa bima alipokukataza kwenda kwa wifi yako. Hapapo. Alikukataza mambo mawili, kukiri kosa na kuahidi malipo. Haya mengine yote, kupita pembeni, mume kunywa chai kama jiwe, mnyororo wa pikipiki, mmeyaongeza ninyi wenyewe. Na huyo kijana neno lake la kwanza kwako lilikuwa "pole sana." Alikuwa anakiri kwamba ndiye aliyeipasua bilauri?

Kukiri kosa ni kusema bilauri zangu ni mbovu, mimi ndiye niliyekuunguza, gauni na meza nitalipa. Hayo usiyaseme, tena huwezi kuyasema kwa sababu huyajui, umeniandikia mwenyewe kwamba hujui. Akikuuliza ilikuwaje, mjibu, "Wifi, sijui bado, watu wa bima watakuja kuangalia." Ni jibu la kweli. Lakini kumuuliza mtu aliyeungua unalalaje na mkono huo, mwanangu, hakujawahi kuhitaji ruhusa ya wakala. Mimi si mwanasheria, kwa hiyo mpigie huyo kijana leo, simu ikikatika piga tena, umwambie unakwenda kumjulia hali wifi yako na umuulize ni lipi hasa usiligusie. Kisha umwandikie ajali yote ilivyokuwa, maana sijaona kwenye barua yako kama umeiripoti kwa maandishi, na maneno ya simu husahaulika. Bima ile wifi yako aliitetea mbele ya watu. Ifanye imfae.

Sasa hilo la saluni limenitoa kwenye kiti. Umeshika bilauri ukaiona nyepesi, unajua ulivyoungua mkono wa wifi yako, na bado ukampelekea mwenzako miwili ili usionekane una kosa! Nimekuonea huruma mpaka nilipofika hapo, kisha nikakasirika. Kabla ya kwenda kwa wifi, pitia saluni, ichukue mishumaa hiyo, mrudishie pesa zake, mwambie umeisimamisha mpaka ikaguliwe. Na wengine wote uliowauzia kwa bilauri hizo wapigie wasiwashe. Iliyobaki iweke kwenye boksi, usiiuze na usiitupe, umjulishe kijana wa bima kwamba umesimamisha kuuza. Kusimamisha ni uangalifu, na sijui bima gani itakulaumu kwa kuzuia moto wa pili. La kukulaumu ni hilo ulilokuwa ukilifanya, na mimi ningekuwa wa kwanza.

Nirudi kwenye ujumbe wa wifi yako. Yeye ni fundi, kutupa vipande ndiyo kazi yake ya kila siku. Bilauri iliyopasuka hujazi tena, hilo analijua, na bado ameiweka mpaka leo akakuita uje uichukue. Mtu aliyekuchoka hakuiti. Amekaa na bendeji yake akisubiri watu wake, mmoja akaja akamhadithia mpira, mwingine anamwona akikimbilia duka la vipuri. Akatafuta sababu ndogo ya kukuleta, isiyo na lawama ndani yake. Hakuna mtego hapo. Anakutaka.

Basi nenda leo, na mumeo mwende naye, safari hii aitazame bendeji. Mwambie wifi asitupe gauni wala karatasi za hospitali. Ukilia mlangoni, lia, hakuna mkataba unaokataza. Halafu usikae kama mgeni. Mwanamke asiyeweza kushika sindano hawezi kusugua sufuria, na nina hakika vyombo vimerundikana jikoni, kwa hiyo kunja mikono ya gauni lako uvioshe vyote. Vyote isipokuwa ile bilauri. Hiyo ifunge kwenye kitambaa na masizi yake, ni ushahidi.